Keateka Aliyetuita Waheshimiwa

Ukiingia Langas, uliza ghorofa ya vigae vya buluu. Mtu yeyote atakuonyesha. Ina orofa tatu, tenki za maji juu, na geti la chuma lililochomelewa mimi nikiwa nimesimama hapo hapo namwangalia fundi. Niliacha shule darasa la saba, nikaja Eldoret na mwiko wa kuazima, na leo nauzia simiti watu wenye digrii. Hakuna benki iliyonibeba wala mwanasiasa aliyenishika mkono. Nasema wazi kwa sababu ni kweli, na asiyependa majivuno yangu naye ajenge yake.

Lakini tukianza kujivuna, kuna kitu ninachokiweka mbele ya hiyo ghorofa. Niliishi ploti moja na Keateka miaka mingi, na hakuwahi kuniita mheshimiwa hata siku moja.

Najua utasema hiyo ni hasara. Ngoja kwanza.

Keateka, kwa asiyejua mambo ya ploti, ni yule mtu anayetunza vyumba vya kupangisha kwa niaba ya mwenyewe. Anakusanya kodi, anafungua geti alfajiri, anajua bomba gani linavuja na nani anapika na heater ilhali amekatazwa. Huyu wetu alikuwa mzee mrefu kutoka upande wa ziwa. Jina lake silitaji, na kusema kweli wengi wetu hatukulijua. Kwenye simu zetu aliandikwa Keateka. Mwenye ploti mwenyewe alimwita Keateka. Siku mama mmoja wa kanisani alipomuuliza jina alilobatizwa, alimjibu, "Mama, hata Mungu akitaka stima irudi ananiita Keateka."

Ulimi wake ulikuwa wa nyumbani kwao, haukutaka kabisa kusema "sh". Maneno yake mengine nitayaandika vile nyinyi mnavyoyasoma, lakini moja nitaliacha kama lilivyotoka kinywani mwake, maana likinyooshwa linakufa. Yeye hakusema mheshimiwa. Alisema mhesimiwa. Mwishowe sisi wapangaji tukawa na maneno mawili tofauti: mheshimiwa alikuwa yule wa Nairobi, na mhesimiwa alikuwa wa hapa kwetu.

Lilianza chooni.

Ploti yetu ilikuwa vyumba vya mabati vilivyotazamana kama watu wamegombana, mfereji mmoja katikati, choo kimoja nyuma. Choo kilikuwa na zamu, kila chumba siku yake. Sasa asubuhi moja redio ya Keateka, ile iliyofungwa na raba ya tyubu ya baiskeli, ilikuwa inasema wabunge wanataka kuongezewa mshahara tena, na marupurupu ya gari juu yake. Yeye alikuwa ameinama chooni na fagio akiosha zamu isiyo yake. Mwenye zamu alikuwa karani wa ofisi moja ya mjini, kijana wa tai na viatu vya kung'aa. Karani akatoka chumbani na taulo shingoni, mswaki mdomoni, akauliza, "Mzee, choo iko tayari?"

Keateka alinyoosha mgongo polepole. Akamwangalia. Halafu akamwinamishia kichwa.

"Iko tayari, mhesimiwa. Karibu ndani, mhesimiwa. Tukuongezee nini ingine?"

Mama Chapati, ambaye chumba chake kilikuwa cha pili kutoka getini na jiko lake lilikuwa mlangoni, alicheka mpaka chapati ikaungua. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Ukiruka zamu ya choo, wewe ni mhesimiwa. Ukimwaga maji ya sabuni mlangoni kwa mwenzako uende zako, mhesimiwa. Ukila chakula cha matanga na hukubeba hata kiti, mhesimiwa wa kuchaguliwa. Keateka hakupiga kelele, hakumfungia mtu mlango. Alikusalimia tu kwa adabu mbele ya foleni ya mfereji: "Habari ya asubuhi, mhesimiwa. Bunge imefunga?" Na jina hilo halikutoka kwa kuomba msamaha. Lilitoka ukiosha choo mchana, watu wakikuona.

Nimeona wanaume wenye ndevu wakiosha choo wikendi mbili kwa ajili ya neno hilo.

Mimi halikunipata. Si kwamba nilikuwa malaika. Ni vile nilikuwa mtu wa mjengo, naamka kabla ya jogoo, na zamu yangu ilikuwa imeisha wengine wakigeuka kitandani. Na nikiosha, naosha. Sakafu ya choo ile niliisugua na mchanga wa mjengo mpaka ungeweza kuandalia ugali. Keateka alikuja, akachungulia, akasema, "Fundi, wewe utakuwa na nyumba yako." Hakuna cheti kilichoniambia hivyo. Ni yeye.

Alikuwa na msemo mwingine, wa "haina makosa". Msimu mmoja wa mvua, gari kubwa la mheshimiwa wetu, namaanisha yule wa kweli, wa eneo, lilikwama kwenye matope mbele ya geti. Vijana walisimama pembeni mikono mifukoni, wakamwambia dereva amwambie bosi wake barabara ni ile aliyoahidi. Keateka akakunja suruali, akaingia topeni, akasukuma peke yake mpaka tukaona haya tukamfuata. Gari likatoka, likatupaka matope, likaenda. Mama Chapati alimkaripia, "Mzee, wewe kila siku unatukana hawa watu, na sasa unawasukumia gari!"

"Gari haina makosa," alisema akijipangusa. "Imenunuliwa na pesa yetu. Ilikuwa inaumia."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna mtu aliyewasema wanasiasa kama yeye, na hakuna aliyependa kura kama yeye. Siku ya kupiga kura alivaa suti ya kahawia iliyompwaya mabegani, akapaka viatu rangi, akatoka wa kwanza. Karani akamtania, "Mzee, unaenda kuwachagua waheshimiwa tena?" Akajibu, "Naenda kuwaajiri. Shida ni kwamba wakishaajiriwa wanajipangia mshahara wenyewe. Wewe ofisini kwako ukijaribu hiyo utafika lunch?"

Funguo za ploti alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na hata akioga alikuwa nazo. Aliwahi kuwa na mlango wake, huko Burnt Forest. Mlango huo ulichomwa pamoja na nyumba, ule mwaka wa vita vya uchaguzi. Mimi habari hiyo niliisikia mara moja tu, tukiwa tunabadilisha kitasa. Aligonga msumari, akasema, "Huko nilikuwa na mlango wangu. Ulikuwa mzito kuliko huu." Akaomba nimpe msumari mwingine. Nikampa, tukamaliza kitasa.

Sasa niwaambie habari ya nyumba.

Siku moja tuliitwa uwanjani, hema zimewekwa, viti vya plastiki, spika zinalia. Mheshimiwa alikuja na watu wa ofisi ya nyumba. Wakasema sehemu yetu ya Langas itajengwa upya, maghorofa ya serikali, bei ya mwananchi wa chini. Tuhame miezi michache tu, na nyumba zikiisha wapangaji wa zamani ndio watakaoingia wa kwanza. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitadanganya, maana ghorofa inataka simiti na mimi nilikuwa nimeshafungua duka.

Keateka akainua mkono. Akapewa kipaza sauti.

"Mhesimiwa, nina swali ndogo. Wewe ulipoahidiwa gari, uliambiwa utembee kwa miguu kwanza?"

Uwanja mzima ulilipuka. Mheshimiwa mwenyewe alicheka, hao watu wamezoea. Akasema kwa spika, "Mzee wetu ni mcheshi! Mpeni soda." Keateka akapewa soda, akainywa mpaka mwisho. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini ameinywa. "Soda haina makosa," akasema. "Lakini Fundi, umeona? Nimeuliza swali, nimejibiwa na soda."

Asubuhi ya kubomolewa nilikuja na pikapu yangu, ya kwanza, nyeupe, kuwasaidia kuhama. Nilikuwa nimeshatoka ploti wakati huo, nina nyumba mjini, lakini nilisema sitawaacha watu wangu wabebe magodoro kichwani. Nilipofika nilimkuta Keateka amepiga magoti chooni, fagio mkononi, maji yanatiririka. Tingatinga lilikuwa limeshawashwa huko barabarani, tunalisikia.

"Mzee!" nikamwita. "Unaosha choo kinachoenda kuvunjwa?"

"Ni zamu ya chumba ya nne na wamehama bila kuosha. Hao wahesimiwa."

"Lakini kinavunjwa sasa hivi!"

"Najua. Wavunje ikiwa safi. Wajue hapa kulikuwa na watu."

Alimaliza. Akafagia ua, akafunga kila mlango na ufunguo wake, mmoja mmoja, halafu akasimama kando ya geti kama kawaida. Dereva wa tingatinga, jamaa wa makamo tu kama mimi, alishuka akamsalimia kwa mikono miwili kabla ya kuanza. Mama Chapati alilia. Mimi nilijifanya napanga mizigo kwa pikapu.

Miezi michache ikawa miaka. Wapangaji wakatawanyika. Mama Chapati alipata chumba upande wa pili wa Langas, na kanisa lake likampa Keateka stoo ya kulala, chumba cha kuwekea viti vya harusi, hakina dirisha. Mchana alikaa karibu na soko akitengeneza kufuli zilizokwama na kunoa visu. Hakuomba mtu kitu. Tulipokutana aliuliza tu, "Fundi, wamefika orofa ya ngapi?" Maana mimi nilipita pale na lori, nilijua. Nikamwambia, na yeye akahesabu kwa vidole kama mtu anayengoja mtoto azaliwe.

Siku moja tulimkuta yule karani wa zamani hapo sokoni, tai imelegea, amekasirika. Akasema kila mwezi anakatwa pesa ya hizo nyumba za serikali kwenye mshahara, na yeye mwenyewe analala sebuleni kwa shemeji. Na redio asubuhi hiyo, tena, habari ya mishahara ya wabunge.

Keateka aliacha kisu alichokuwa ananoa. "Kwa hivyo wewe unakatwa mshahara, na mbunge atakuja kukata utepe."

Tulicheka watu wote wa hapo, mpaka muuza nyanya. Karani hakucheka. Keateka akamshika bega, akamwambia pole pole, "Kijana, kuanzia leo lile jina nimekutoa. Wewe unalipa na hupati. Hiyo si tabia ya mhesimiwa."

Niamini, yule karani alikaribia kulia pale kando ya nyanya. Hiyo ndiyo nguvu ambayo neno hilo lilikuwa nayo.

Maghorofa yakaisha, utepe ukakatwa, tukaambiwa wapangaji wa zamani waende ofisini kuandikishwa. Nilimchukua Keateka na gari, gari lingine sasa, la viti vya ngozi. Alivaa ile suti ya kahawia ya kura. Njiani aliniuliza kama milango ya huko ni ya mbao au chuma. Nikamwambia mbao nzito, nimeona ikishushwa. Akatabasamu mpaka tukafika.

Mama Chapati aliingia kabla yetu, akaandikwa, akatoka anapiga vigelegele. Zamu yetu ikafika. Afisa alikuwa kijana mpole, hakuwa na ubaya, hilo niliseme.

"Mzee, chumba chako kilikuwa namba gani?"

"Ile ya getini."

"Kodi ulikuwa unalipa kwa nani?"

"Sikuwa nalipa. Nilikuwa keateka. Keateka halipi, analala bure ndiyo alinde."

Afisa akaacha kuandika. "Basi hukuwa mpangaji, Mzee. Hizi ni za wapangaji. Ploti ilikuwa yako?"

"Hapana."

"Wenye ploti nao walishughulikiwa kivyao." Akakuna kichwa, akamwangalia kwa huruma. "Sasa, Mzee, mimi nikuandike wapi? Huku haupo, na huku haupo."

Mimi nilipandisha sauti. Nilimwambia huyu mzee ndiye aliyewatunza hao wapangaji wote, kwamba funguo za vyumba vyao bado ziko shingoni mwake, aangalie! Na kweli zilikuwepo, zimejificha chini ya shati, za milango iliyokuwa imeshakuwa vumbi. Afisa alisema anaelewa, lakini hana pa kumweka. Keateka alinivuta mkono. "Fundi, twende. Kijana hana makosa."

Kwenye ngazi alisimama. "Leo nimeambiwa sipo," alisema, kama mtu anayesoma habari za redioni.

Sikulala na hasira hiyo. Mimi namba ya mheshimiwa ninayo, ananunua simiti kwangu. Nikampigia. Akasema, "Hiyo kesi nitaifuatilia, ndugu yangu." Nikangoja. Nikapiga tena. Akasema yuko kikaoni. Nikaenda ofisini kwake, nikakaa kwenye benchi na kina mama wa karo na kina baba wa matanga, nikaambiwa ametoka sasa hivi kwa mlango mwingine. Mimi, mwenye vigae vya buluu, nimekaa benchini! Jioni nikasikia kwenye redio kikao chenyewe kilikuwa cha nini. Sihitaji kuwaambia.

Hapo ndipo nikakumbuka nina ghorofa.

Nilimfuata kwenye stoo ya kanisa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha harusi, kile chenye utepe, akinoa kisu. Nikamwambia nina chumba cha chini, kina dirisha, maji ndani, choo chake mwenyewe. Aje akae. Bure, mpaka mwisho.

Nilidhani atanishika mkono. Aliweka kisu chini.

"Bure?"

"Bure, Mzee. Mimi sina shida."

"Fundi, miaka hiyo yote nimewaita watu hiyo jina, sasa unataka kunifanya mhesimiwa uzeeni?"

Nikavuta kiti kingine cha harusi, nikaketi.

"Niliishi bure mara moja," akaendelea, "na umeona nilivyojibiwa. Mlango ni ipi? Ni ya mbao?"

"Ya mbao. Nzito."

"Basi nipangishe. Kodi kama ya wengine, kwa zile kufuli nitalipa. Na zamu ya kufagia ngazi nipewe. Siku wakija kubomoa na hiyo ghorofa yako, wakiniuliza mimi ni nani, nataka niseme mimi ni mpangaji."

Nikamwambia hakuna wa kubomoa ghorofa yangu. Akachukua kisu akaendelea kunoa. Tulibishana kodi kwenda na kurudi, mimi nikishusha na yeye akipandisha, kitu ambacho sijawahi kuona Eldoret nzima. Siku aliyohamia alivua ile kamba ya kiatu, akatia ufunguo wangu mmoja, na zile za zamani hakuzitoa.

Hiyo ni ya mwaka uliopita. Sasa hii ya mwezi huu, na nitamalizia hapo.

Chini ya ghorofa yangu nina stoo ya simiti, na mbele yake ofisi yangu ndogo. Nilikuwa nimekaa hapo na wazee wawili wa mtaa waliokuja na ujumbe. Wamechoka na watu wanaojiongezea mishahara, wanataka mtu aliyejijenga mwenyewe agombee kiti cha wadi. Walisema maneno matamu. Sitaficha, yalinishuka vizuri. Mmoja akainua kikombe cha chai, akasema, "Karibu uongozini, mheshimiwa!"

Mlangoni alikuwa amesimama Keateka, ufagio mkononi. Sijui alifika saa ngapi.

"Wamekuita nani?" aliuliza.

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka.

"Mwenye ploti," akasema, "hii stoo yako iko ndani ya geti?"

"Iko, Mzee."

"Simiti inapita kwa hii korido?"

"Inapita."

"Na hiyo vumbi kwa ngazi mpaka juu, ni ya nani?"

Milango ya orofa ya kwanza ilikuwa imefunguliwa, na mama mmoja mpangaji alikuwa ameegemea reli na beseni la nguo, anasikiliza. Keateka alinyoosha ule ufagio, mpini ukaja kwangu.

"Wapangaji wote tumefagia mwezi huu. Amebaki mtu mmoja. Shika, kabla sijasema neno. Ufagio hauna makosa."

Niliwaambia wale wazee watanisamehe. Nikavua koti, nikalitundika kwenye mlango wa stoo, nikapanda mpaka orofa ya tatu na kuanza kufagia kuteremka, ngazi kwa ngazi, kona kwa kona, kwa ufundi wangu wote. Wageni walimaliza chai wakaondoka, na sijui kama watarudi. Watu walitoka milangoni kuangalia tajiri akifagia, wengine na simu zao.

Nilipofika chini, Keateka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, anapata jua. Akainua miguu yote miwili nipitishe ufagio chini yake.

"Hapo kwa kona umeruka, Fundi," alisema.

Nikarudi kwa kona.